Namba ya Kwenye Boksi Haiui Kunguru

Wafugaji wa kuku wa Kibaha na Kisarawe wana ugomvi wa miaka na kunguru, na siku hizi ugomvi huo umepata dawa inayosifiwa kuanzia Maili Moja hadi Maneromango: tafuta bunduki ya upepo, iwe ya gesi, na iwe na namba kubwa kuliko ya jirani. Ukiuliza namba ipi, unageuziwa ubavu wa boksi. Futi 1,250 kwa sekunde. Mwenye ya futi 1,000 anaonekana kapunjwa, na mwenye ya futi 650 anaambiwa kauziwa mchezo wa watoto. Bei inapanda na namba, heshima inapanda na namba, na kunguru wanaendelea kubeba vifaranga.

Mimi nasema namba hiyo haimfai mfugaji kwa lolote. Ni tangazo, na anayechagua bunduki kwa kuifuata amenunua tangazo, bunduki kapewa nyongeza.

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi wanaoisifu gesi hawajui iko wapi. Bunduki ya upepo ya kawaida ina springi ya chuma nyuma ya pistoni. Unaukunja mtutu, springi inabanwa, triga inaiachia, pistoni inakimbia mbele na kuushindilia upepo uliopo mbele yake, na upepo huo ndio unaokitoa kidonge. Ya gesi ni hivyo hivyo, ila springi imeondolewa na mahali pake ikawekwa silinda iliyofungwa, yenye naitrojeni au hewa iliyoshindiliwa. Ukitaka kuiona bila kufungua bunduki ya mtu, fungua mlango wa nyuma wa gari la Noah: kile kifimbo cheusi kinachouinua mlango na kuushikilia juu ndicho hicho hicho. Gesi haitoki nje, haipungui kwa kufyatua, wala haigusani na kidonge. Anayekwambia bunduki yake ya pistoni ya gesi inajazwa kila baada ya risasi kadhaa anazungumzia aina nyingine kabisa, au hajui anachokiuza.

Wala si uvumbuzi wa juzi. Kampuni ya Kiingereza ya Theoben iliuingiza sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Weihrauch wa Ujerumani wakautumia katika HW90 yao. Baadaye kila kiwanda kikaupa jina lake: Crosman wakauita Nitro Piston, Gamo wakauita IGT, Hatsan wa Uturuki wakauita Vortex, Diana wakauita N-TEC. Majina manne, kitu kimoja. Faida zake ni za kweli. Hakuna ule mlio wa springi unaotetema hadi shavuni, pistoni inafika mbele upesi zaidi, bunduki inapungua uzito kidogo. Hayo sibishani nayo. Ninapobisha ni pale mtu anaporuka kutoka "gesi ni nzuri" hadi "gesi yenye kasi kubwa ndiyo nzuri zaidi".

Kasi ya kwenye boksi hupatikana kwa kidonge chepesi kuliko vyote, cha aloi, chenye uzito wa gramu 0.32 hivi, ambacho mfugaji hatakitumia tena baada ya kile kikopo cha kwanza cha bure kuisha. Futi 1,250 ni mita 381 kwa sekunde. Kidonge hicho kikienda kwa kasi hiyo kinabeba nishati ya jouli 23 au 24. Sasa chukua kidonge cha madini ya risasi cha milimita 5.5, chenye gramu 0.94, kiende kwa futi 800 tu, yaani mita 244. Kinabeba jouli 28. Kile cha polepole kina nguvu zaidi. Hesabu hii ni ya sekondari, nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo, na muuzaji anaomba Mungu usiikumbuke.

Kuna jingine ambalo boksi halitalisema kamwe. Katika joto la nyuzi 30, ambalo Kibaha ni la kawaida, sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Kidonge cha mita 381 kinatoka mtutuni kikiwa kimeipita sauti, kisha upepo unakipunguza mwendo na kukirudisha chini ya mpaka huo kabla hakijafika hata kwenye mwembe. Umbo la vidonge hivi, kiuno chembamba na sketi pana nyuma, halikutengenezwa kwa safari ya namna hiyo. Kinapovuka mpaka huo kinayumba, na kikiyumba hakuna shabaha. Tena kinapasua hewa kwa mlio mkali kama wa bunduki ndogo ya baruti, na kunguru wa mtaa mzima wanaarifiwa bila malipo.

Anayedhani kasi ndiyo ubora amtazame mlengaji wa Olimpiki. Shindano la bunduki ya upepo la mita 10 liliingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Alama ya 10 kwenye karatasi yake ni nukta yenye kipenyo cha nusu milimita. Bunduki zinazoipiga nukta hiyo, risasi baada ya risasi, hutoa kidonge kwa mita 170 na kitu kwa sekunde, chini ya nusu ya ile namba ya Maili Moja. Na bei ya bunduki moja ya mashindano inanunua kadhaa za namba kubwa na chenji ikabaki. Kama kasi ndiyo ingekuwa kipimo, watu hao wenye fedha na makocha wangeshaifuata zamani.

Nitajibiwa kwamba karatasi si ndege. Haya, twende kwa ndege. Uingereza, bunduki ya upepo inayozidi jouli 16.3 inahitaji cheti cha silaha kama bunduki nyingine, na kwa hiyo wengi wanabaki chini ya kiwango hicho. Kwa kidonge cha milimita 5.5 hiyo ni kasi ya mita 186 kwa sekunde hivi, sawa na futi 610. Kwa kasi hiyo ambayo hapa inachekwa, wakulima wa kule wamepunguza njiwa na sungura mashambani mwao kwa miongo mingi, kwa sababu wanasogea karibu, wanalenga kichwa, na bunduki inapeleka kidonge ilikoelekezwa. Ujerumani wanabana zaidi: bila kibali mwisho wako ni jouli 7.5, na bunduki inapigwa chapa ya herufi F ndani ya pembe tano. Ni Ujerumani hiyo hiyo inakotoka Weihrauch na Diana. Mafundi wake wamejifunza ubora katika nchi isiyowaruhusu kujivunia kasi.

Sasa kunguru mwenyewe. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, akavuka kuja bara na hajarudi. Kisarawe anaishi jirani na mezani pake, maana dampo la Pugu Kinyamwezi haliko mbali kwa kiumbe mwenye mabawa. Anakula taka asubuhi, mchana anakuja kukagua vifaranga wako. Na ana akili kuliko wengi wanaomwinda. Seattle, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington wakiongozwa na John Marzluff waliwakamata kunguru wa kule wakiwa wamevaa vinyago, na miaka mingi baadaye kunguru waliendelea kukizomea kinyago kile kile, hata wale ambao hawakukamatwa siku ile. Wa kwetu ni jamaa wa damu moja na hao. Toka nje na ufagio, anakutazama. Toka na kitu chenye umbo la bunduki mara ya pili, hayupo.

Hapa ndipo imani ya kasi inapoanguka kifudifudi. Dhidi ya ndege wa namna hii una risasi moja tu ya maana, ile ya kwanza. Ukimkosa, umemfundisha yeye, mwenziwe na watoto wao. Bunduki ya futi 1,250 inayotawanya vidonge kwenye duara la sahani ni shule ya kunguru. Inayoweka vidonge vitano ndani ya kifuniko cha soda kwa mita 25, hata ikiwa na nusu ya kasi, angalau inampa mfugaji nafasi.

Wazee wa magobori wa Kisarawe walilijua hili bila kusoma boksi. Gobori linamiminiwa baruti mdomoni, linashindiliwa kwa fimbo, linatiliwa marisau, na kabla hujarudia yote hayo mnyama kashafika ng'ambo. Kwa hiyo mzee anatambaa, anangoja upepo, anakaribia mpaka anaona jicho. Kijana wa leo amepewa chombo cha haraka kuliko gobori na kilengeo cha kioo juu yake, basi anafyatua kutoka barazani kwa mita 60 na kulaumu bunduki haina nguvu. Anarudi dukani kutafuta namba kubwa zaidi. Muuzaji anampokea kwa tabasamu.

Kuna hoja ya upande wa pili inayostahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu inatoka kwa watu wenye njaa shambani. Kisarawe adui si kunguru peke yake. Ngedere wanavunja mahindi, nguruwe pori wanang'oa mihogo usiku, na mkulima anauliza: bila nguvu nitawafanyaje? Jibu langu ni kwamba bunduki yoyote ya pistoni, ya gesi au ya springi, ya namba yoyote, si ya nguruwe pori. Jouli 28 hazimfikishi popote penye uhai ndani ya mwili ule. Zinamtia kidonda, anaondoka nacho, anaozea porini au anarudi akiwa na hasira. Ngedere vilevile. Aidha, wanyamapori wana sheria yao ya uhifadhi ya mwaka 2009, na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Anayemwuzia mkulima wa Mzenga bunduki ya upepo kwa maneno kwamba "hii inalaza nguruwe" anamwuzia kesi na mzoga.

Turudi kwenye gesi, maana imani hii ina mkia. Watu wanaamini springi imepitwa na wakati. Si kweli. Air Arms TX200 ya Uingereza na Weihrauch HW97 ya Ujerumani zote zinatumia springi ya chuma, na katika mashindano ya bunduki za pistoni uwanjani ndizo zinazoonekana kwenye mstari mwaka hadi mwaka. Ubora wa bunduki hizo uko kwenye mtutu usiotikisika, triga inayoachia kama ulivyoitaka, na pistoni iliyochongwa ikakaa sawasawa. Ukiichukua bunduki ya mtutu hafifu na triga ya kilo tatu ukaitia silinda ya gesi, umepata bunduki hafifu yenye gesi.

Na gesi ina masharti yake ambayo Pwani inabidi yasemwe wazi. Springi ukiikoki inaanza laini na kukaza taratibu. Gesi inakupinga tangu mwanzo. Zile za namba kubwa zinadai mkono wenye nguvu ya kilo 20 na zaidi kila risasi. Baada ya kumi mkono unatetemeka, na mkono unaotetemeka haulengi. Mama anayefuga Visiga, ambaye ndiye anayeshinda bandani, hataikoki hata mara mbili. Kwa hiyo bunduki inamngoja mwenye nyumba arudi jioni, saa ambayo kunguru wamekwenda kulala.

Matangazo yanasifu pia kwamba gesi haipoozwi na baridi. Ni sifa nzuri kwa Helsinki. Kwetu jambo la kuangalia ni joto: gesi iliyofungwa ikitoka nyuzi 20 kufika 35 msukumo wake unaongezeka kwa asilimia 5 hivi, na bunduki uliyoirekebishia kilengeo asubuhi yenye umande inaweza kupiga pengine kidogo saa nane mchana. Si balaa, ila ukiilaza bunduki kwenye gari lililofungwa juani hapo Mlandizi, usishangae.

Halafu matengenezo. Springi ikikatika, fundi mwenye vifaa na uangalifu anaibadilisha. Silinda ya gesi ikivuja, nyingi ya hizi za kisasa hazifunguki wala hazijazwi. Unaagiza nzima kutoka nje au unabaki na rungu la bei ghali. HW90 ni tofauti, gesi yake huongezwa na kupunguzwa kwa pampu yake maalumu, na hilo peke yake lina thamani kuliko futi 300 za kwenye boksi. Swali la "sili na silinda ya akiba nitazipata wapi" mnunuzi aliulize kabla ya swali la kasi. Sijaona kijiwe linapoulizwa.

Ipo sifa moja ya gesi ninayoichukia waziwazi. Wanasema unaweza kuiacha imekokiwa kutwa nzima, springi haipo ya kuchoka. Kitaalamu ni kweli. Kwa mfugaji maana yake ni bunduki iliyo tayari kufyatuka, imeegemezwa nyuma ya mlango wa banda, na watoto wanatoka shule saa nane. Kidonge cha upepo hakihitaji baruti kutoboa jicho. Pistoni isiyochoka imegeuzwa ruhusa ya uzembe, na wauzaji wanaitaja kama zawadi.

Pima pia kiwanja chako. Sehemu kubwa ya Maili Moja na Picha ya Ndege watu wanaishi kwenye viwanja vidogo, ukuta kwa ukuta. Kidonge kilichomkosa kunguru juu ya mnazi kinaendelea na safari kwa mamia ya mita, na kikigonga bati au jiwe hakichagui kinakorudi. Kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo eneo la hatari linavyopanuka hadi kwa majirani ambao hawakununua chochote. Sijui kwa nini jambo hili linahesabiwa faida.

Usimsikilize na yule anayesema haina haja ya kibali kwa kuwa haina baruti. Nchi ina sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na anayeweza kukwambia bunduki yako iko upande gani wa sheria hiyo ni polisi wa wilaya yako, si mwenye duka. Nenda uulize kabla ya kulipa, upate jibu unaloweza kulionyesha.

Basi bunduki bora ya gesi ni ipi? Milimita 5.5, kwa sababu kidonge kizito hakisukumwi hovyo na upepo na kinaua upesi bila mateso. Kasi ya mita 180 hadi 250 kwa sekunde kwa kidonge cha risasi, si cha aloi. Uzito wa kukoki ambao kila mtu mzima wa nyumba anaumudu. Triga inayorekebishika. Ikiwa na darubini, iwe imetengenezwa kwa bunduki za pistoni, maana pistoni hizi zinarusha bunduki nyuma kisha mbele, na ya gesi inarusha kwa ghafla zaidi. Darubini ya kawaida, hata iliyokwishahimili bunduki ya baruti, inaachia nyuzi zake za msalaba baada ya muda, na vishikizo visivyokazwa vinatambaa nyuma juu ya reli mpaka unaona mikwaruzo miwili inayong'aa. Ukiziona alama hizo kwenye bunduki iliyokwishatumika, jua mwenzio aliteswa nayo. Usiifyatue bila kidonge, kwani pistoni itajipigiza yenyewe, na usitie oili kwenye chumba cha upepo: inawaka kama dizeli ndani ya injini na kuharibu sili. Unapolenga, iache bunduki ilale juu ya kiganja bila kuikaba. Ukiibana, kila risasi inakwenda kwake.

Hata ukizingatia yote hayo, sitaki mtu asome makala hii akadhani namwambia bunduki itawamaliza kunguru. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, ambalo silaha wanazo na walengaji wanao, lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru wa India milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo, na njia waliyoitegemea ilikuwa sumu maalumu inayotegwa na wataalamu. Hawakusema watawapiga mmoja mmoja. Mfugaji mwenye kuku 200 Tumbi hawezi kufanya kwa mtutu kile ambacho serikali haikuthubutu. Analoweza ni kuwalea vifaranga ndani ya wavu mpaka wakue, kuzika kuku waliokufa badala ya kuwatupa nyuma ya banda, na kufunika chakula. Kunguru aliyekosa sababu ya kuja kwako ataenda kwa mwingine. Na kabla ya kufyatua, hakikisha unayemlenga ni huyo wa shingo ya kijivu. Yule mwenye kifua cheupe ni kunguru wetu wa asili, naye anasukumwa nje ya makazi yake na huyo huyo mgeni.

Kwa hiyo, mfugaji mwenzangu wa Kibaha na wa Kisarawe, fedha ya kwanza iende kwenye wavu. Ikibaki, na polisi wakikuruhusu, nenda dukani na karatasi yako yenye nukta nyeusi, umwambie muuzaji mkutane mahali halali pa kulenga shabaha, afyatue vidonge vitano vya risasi kwa mita 25 mbele yako. Akianza kukuonyesha ubavu wa boksi, mwache nalo.